London hadi Paris: Mwendo wa Saa Ngapi?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za jikoni, malezi ya watoto na matumizi ya mshahara. Juma hili naomba ruhusa yenu tutoke nje ya ua, twende mbali kidogo hata Ulaya, kwa sababu swali lililoletwa kwangu linaihusu nyumba kuliko linavyoonekana kwa juujuu.

Mama mmoja, mke wa askari polisi, ameuliza hivi: Mume wake yuko kozini London. Amempelekea habari kwamba atapanda ndege kwenda Paris saa tatu kamili asubuhi, na kwamba tiketi yake inaonyesha atafika saa tano na dakika ishirini. Mtoto wao aliye shuleni akafungua kitabu cha ramani, akapima kwa rula, akasema kwamba haiwezekani. Umbali ule haufiki hata kilometa 400, na ndege kubwa hupita kilometa 800 kwa saa. Mwendo huo ungekwisha kwa nusu saa. Jirani naye akaingilia kati akasema kwamba yeye amesikia ni saa moja na robo tu. Sasa mama huyu anataka kujua ni nani mkweli kati yao.

Jibu langu ni kwamba wote ni wakweli, ila kila mmoja amepima kitu chake. Mtoto amepima umbali wa ardhi. Jirani amepima muda tangu ndege iondoke mahali ilipoegeshwa mpaka iegeshwe tena. Mume amesoma saa za ukutani katika miji miwili ambayo saa zake hazilingani. Kuna na kipimo cha nne ambacho hakuna aliyekitaja, nacho ni muda wa safari nzima tangu mtu afunge mlango wake mpaka abishe hodi aendako. Anayevichanganya vipimo hivi vinne huweza kuachwa na ndege, kupoteza fedha, na kuitia jamaa yake hofu isiyokuwa na sababu. Kwa hiyo tuvitazame kimoja kimoja.

UMBALI

Mtu akisema "London hadi Paris" hajasema neno lililokamilika, maana mji si nukta moja. Kutoka katikati ya London hadi katikati ya Paris kwa mstari ulionyooka ni kilometa 344. Lakini ndege haitui katikati ya mji. Uwanja mkubwa wa London, yaani Heathrow, uko upande wa magharibi, kiasi cha kilometa 23 kutoka katikati. Uwanja mkubwa wa Paris, uitwao Charles de Gaulle, ambao ulifunguliwa mwezi Machi 1974, uko upande wa kaskazini-mashariki, kiasi cha kilometa 25. Kutoka uwanja hadi uwanja ni kilometa 348, sawa na maili 216 za nchi kavu, au maili 188 za baharini. Marubani, kama mabaharia, huhesabu kwa maili ya baharini, ambayo ina mita 1,852. Kwa sisi tulioko hapa Uganda, umbali huo unaukaribia ule wa barabara ya Kampala hadi Gulu.

Mzazi mwenye mtoto wa sekondari anaweza kumpa hesabu hii aifanye mwenyewe. Heathrow iko katika latitudo ya digrii 51.47 kaskazini na longitudo ya digrii 0.45 magharibi. Charles de Gaulle iko katika latitudo ya digrii 49.01 kaskazini na longitudo ya digrii 2.55 mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 2.46. Kila digrii moja ya latitudo ni kilometa 111, hivyo tunapata kilometa 273 kuelekea kusini. Tofauti ya longitudo ni digrii 3 kamili. Huku kwetu kwenye ikweta digrii moja ya longitudo nayo ni kilometa 111, lakini kadiri tunavyokwenda kaskazini mistari hiyo hukaribiana, na huko kati ya London na Paris digrii moja ni kilometa 71 tu. Basi tunapata kilometa 213 kuelekea mashariki. Sasa tuna pembetatu yenye pembe mraba, na kanuni ya Pythagoras inatosha. Mraba wa 273 ni 74,529, na mraba wa 213 ni 45,369. Jumla yake ni 119,898, na kipeuo chake cha pili ni 346. Tofauti ya kilometa mbili na ile hesabu ya vitabu imetokana na kukata desimali njiani. Mtoto atakayeifanya hesabu hii kwa mkono wake ataona kwamba masomo ya shuleni yana kazi katika dunia ya watu wazima.

Kwa umbali mfupi kama huu, mstari ulionyooka juu ya ramani hautofautiani sana na njia fupi juu ya dunia yenyewe. Kwa safari ndefu mambo ni mengine. Chukua chungwa jikoni, uchome vijiti viwili mbali mbali, kisha uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi utafuata njia fupi kabisa juu ya lile chungwa. Ukiihamishia njia hiyo kwenye karatasi bapa, utaiona imepinda. Ndiyo maana ramani ya ukutani huwadanganya watu wanapotazama safari za kuvuka bahari kubwa.

MUDA WA KURUKA

Tuje kwenye mwendo. Ndege ya aina ya Airbus A320, ambayo hutumika sana katika safari fupi za Ulaya, huenda kasi ya kilometa zipatazo 830 kwa saa inapokuwa imekwisha kutulia juu. Ukigawa 348 kwa 830 utapata dakika 25. Hapo ndipo mtoto wetu alipoishia. Hesabu yake ni sahihi, isipokuwa hakuna ndege inayoifuata.

Askari wetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Kikosi kinachotembea kilometa 5 kwa saa hakifiki kilometa 20 kwa saa 4 kamili. Kuna mapumziko, kuna mto wa kuvuka, kuna kupanda kilima, na kuna kuwangoja wa nyuma. Kamanda anayepanga mwendo kwa kugawa umbali kwa kasi peke yake atawafikisha watu wake kwa kuchelewa, tena wakiwa wamechoka. Mambo ya angani ni hayo hayo.

Kwanza, ndege huondoka mahali ilipoegeshwa ikatambaa chini mpaka kwenye njia ya kurukia. Katika uwanja mkubwa kama Heathrow kutambaa huko, pamoja na kusubiri zamu, huweza kula dakika 15 au 20. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutulia, na zote mbili zimelala mashariki kwa magharibi. Pili, ndege huruka kwa kuukabili upepo, na upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi. Kwa hiyo ndege iendayo Paris, ambayo iko kusini-mashariki, mara nyingi huanza kwa kuelekea magharibi, yaani kuipa mgongo Paris, ndipo igeuke. Tatu, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka ndege haiendi kwa kasi yake kubwa. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida haitakiwi kupita maili 250 za baharini kwa saa, ambazo ni kilometa 463. Katika safari fupi kama hii, ndege haijakaa sana juu kabla ya kuanza kushuka tena. Nne, haifuati ule mstari wa rula. Hufuata njia za anga zilizowekwa, ambazo huenda zikipinda hapa na pale. Tano, huenda ikaambiwa ingoje. Zinazokwenda Heathrow zina vituo vinne vya kuzungukia angani, Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin, ambako hupangwa moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, zikizunguka mpaka zamu ifike.

Kwa sababu hizo, dakika 25 za karatasini hugeuka kuwa dakika 45 hadi 55 angani. Ukiongeza kutambaa chini pande zote mbili, mashirika ya ndege huandika saa 1 na dakika 15 hadi 25. Muda huo wa tiketi huhesabiwa tangu kabari zilizozuia magurudumu ziondolewe mpaka ziwekwe tena mwishoni. Jirani, basi, alisema kweli.

FUNZO LA MWAKA 1922

Huenda msomaji akauliza, kwa nini watu wazungushwe na kungojeshwa, nao wamelipa nauli ili wafike upesi? Historia ya njia hii yenyewe inatoa jibu, nalo ni jibu zito.

Tarehe 25 Agosti 1919, miezi tisa baada ya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza kusimama, ndege ndogo ya aina ya DH.4A, ambayo asili yake ilikuwa ndege ya vita ya kutupa mabomu, iliondoka Hounslow Heath, si mbali na mahali ulipo uwanja wa Heathrow leo, ikatua Le Bourget karibu na Paris. Rubani alikuwa Bill Lawford. Abiria alikuwa mmoja tu, mwandishi wa gazeti, pamoja na mizigo kidogo. Hapo ndipo ilipoanza huduma ya ndege ya kila siku kati ya nchi na nchi. Mwendo ulichukua saa 2 na dakika 30.

Siku zile rubani hakuwa na mtu wa kumwongoza kutoka chini. Alifuata barabara, reli na mito kwa macho yake. Hali ya hewa ilipokuwa mbaya alishuka chini zaidi ili aendelee kuiona barabara. Tarehe 7 Aprili 1922 kulikuwa na ukungu na manyunyu kaskazini mwa Ufaransa. Ndege ya Kiingereza iliyobeba barua ilikuwa ikitoka Croydon, kusini mwa London, ikiwa na rubani na kijana mmoja mtumishi. Ndege ya Kifaransa aina ya Farman Goliath ilikuwa ikitoka Le Bourget ikiwa na watu watano. Kila rubani alikuwa ameshuka chini akiifuata barabara ile ile, mmoja akienda Paris na mwingine akienda London. Karibu na kijiji cha Thieuloy-Saint-Antoine zikakutana ndani ya ukungu, zikagongana. Watu wote saba wakafa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege mbili za mashirika ya usafiri kugongana zikiwa angani.

Baada ya msiba huo wahusika wa mashirika walikutana Croydon wakatafuta dawa. Walitaka kila rubani akae upande wa kulia wa njia anayoifuata, na ndege ziwe na redio. Leo mambo hayo tunayaona ya kawaida kama kukaa upande wetu wa barabara, lakini yalinunuliwa kwa roho za watu. Kadhalika, neno ambalo kila askari wa redio analijua, "Mayday", lilizaliwa katika njia hii hii. Katika miaka ya 1920 Frederick Stanley Mockford, afisa wa redio katika uwanja wa Croydon, alitakiwa atafute neno la kuomba msaada ambalo rubani wa Kiingereza na wa Kifaransa wote wangelielewa upesi. Kwa kuwa safari nyingi za pale zilikuwa za kwenda na kutoka Paris, alichukua maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidie" akayapa sauti ya Kiingereza.

Tutafakari sasa. Ndege ya 1919 ilikwenda wastani wa chini ya kilometa 150 kwa saa. Ya leo ina kasi ya mara tano na zaidi. Hata hivyo muda wa tiketi umepungua kutoka dakika 150 hadi 80 hivi, yaani haukupungua hata kwa nusu. Kasi iliyobaki imekwenda wapi? Imekwenda katika utaratibu. Abiria anayenung'unika kwamba ndege inazunguka bure juu ya mawingu akumbuke kwamba kuna mtu chini anayehakikisha kwamba hakuna ndege nyingine ndani ya ukungu ule ule. Dakika zile hazikupotea. Ndizo zinazomrudisha baba kwa watoto wake.

SAA ZA UKUTANI

Sasa tufike kwenye jambo linalowaangusha wengi. Saa zilizoandikwa katika tiketi ni saa za mahali. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Paris iko mbele ya London kwa saa moja, wakati wa baridi na wakati wa joto. Nchi zote mbili husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa wakati mmoja. Hivyo tofauti yao haibadiliki.

Ajabu ni kwamba jua halina habari ya tofauti hiyo, maana miji hii miwili imekaribiana sana. Ufaransa ilikubali kufuata saa ya Greenwich mwaka 1911, na kwa miaka mingi London na Paris zikawa na saa moja. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoitwaa Paris, saa za mji zilisogezwa mbele zilingane na za Berlin. Vita vilikwisha mwaka 1945, wavamizi wakaondoka, lakini Ufaransa ikabaki na saa hiyo hadi leo.

Basi askari wetu anaondoka London saa 09:00 na kufika Paris saa 11:20. Ukitoa moja kwa nyingine utapata saa 2 na dakika 20, nayo si kweli. Muda wa kweli ni saa 1 na dakika 20. Akirudi, tiketi itasema anaondoka Paris saa 12:00 na kufika London saa 12:20, kana kwamba ndege imeruka kwa dakika 20 tu. Hilo nalo si kweli. Saa moja iliyoongezwa wakati wa kwenda imepunguzwa wakati wa kurudi.

Tutoe mfano unaowahusu hasa ndugu zetu wa polisi. Makao makuu ya Interpol yako katika mji wa Lyon, nchini Ufaransa. Tuseme afisa aliyeko London anatakiwa kwenda huko kwa kubadili ndege Paris. Ameambiwa kwamba London hadi Paris ni saa 1 na dakika 20, naye anaondoka saa 09:00. Anajumlisha kichwani na kupata 10:20. Anachagua ndege ya Lyon ya saa 12:00, akijua ana saa 1 na dakika 40 za kunywa chai kwa utulivu. Kumbe saa za Paris zitakuwa 11:20 atakapofika, na amebakiwa na dakika 40 tu. Katika dakika hizo inampasa apange mstari wa ukaguzi wa pasipoti, kwa kuwa Uingereza haimo katika lile eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani, kisha apite ukaguzi wa mizigo, na aufikie mlango wa ndege ya pili kabla haujafungwa. Ndege itamwacha. Na kama tiketi zake mbili zilinunuliwa mbali mbali, huenda akalazimika kununua nyingine kwa fedha yake mwenyewe.

Dawa ya jambo hili wanayo marubani wenyewe. Wao hawahesabu kwa saa za kila mji. Dunia nzima hutumia saa moja, ile ya Greenwich, ambayo wanajeshi huiita saa ya Zulu. Nasi nyumbani tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuzigeuza saa zote ziwe za kwetu kwanza, ndipo tuzitoe. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa zetu ziko mbele ya London kwa saa 2, na mbele ya Paris kwa saa 1. Miezi iliyobaki tuko mbele ya London kwa saa 3, na mbele ya Paris kwa saa 2. Kwa hiyo katika mwezi wa Julai, kuondoka London saa 09:00 ni saa 11:00 ya kwetu, na kufika Paris saa 11:20 ni saa 12:20 ya kwetu. Toa, utapata saa 1 na dakika 20. Hesabu imekaa sawa.

Kuna na mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi ikiandikwa 09:00 si saa tisa, ni saa tatu asubuhi. Ikiandikwa 15:00 ndiyo saa tisa mchana. Ikiandikwa 21:00 ni saa tatu usiku, na 03:00 ni saa tisa usiku. Askari wamezoea hesabu ya saa 24, lakini jamaa zao nyumbani hawakufunzwa, na habari hupotea kati ya wawili hao. Hatari kubwa kuliko zote ni ndege ya baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:30 ya Jumanne, maana yake ni ule usiku unaoanza Jumatatu jioni. Mtu anayekwenda uwanjani Jumanne jioni atakuta ndege yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

MLANGO KWA MLANGO

Tumalizie na kipimo cha nne, ambacho ndicho chenye maana zaidi kwa msafiri. Haya ni makisio yangu, na kila mtu ayasahihishe kwa hali yake. Kutoka nyumba ya katikati ya London hadi Heathrow, saa 1. Kufika uwanjani kabla ya ndege kuondoka, saa 2. Ndege yenyewe, saa 1 na dakika 20. Pasipoti na mizigo pale Paris, dakika 45. Treni ya kuingia mjini, dakika 35. Jumla ni saa 5 na dakika 40. Ule mwendo wa kasi ambao mtoto aliupima kwa rula umekuwa kama tone ndani ya mtungi.

Ndiyo maana watu wengi wa miji hiyo miwili huacha ndege wakapanda treni. Njia ya chini ya bahari ilifunguliwa Mei 1994, nayo ina urefu wa kilometa 50, ambazo karibu 38 ziko chini ya maji. Treni ya haraka huondoka katikati ya London ikafika katikati ya Paris kwa saa 2 na dakika 16 hivi. Ukiongeza nusu saa ya kufika stesheni, saa 1 na robo ya kusubiri na kukaguliwa, na robo saa ya kutoka, utapata saa 4 na dakika 16. Treni ni ya polepole kuliko ndege, lakini msafiri wake ndiye anayetangulia kufika.

Msafiri anayebadili ndege aangalie pia jina la uwanja, si jina la mji peke yake. London ina viwanja kadhaa. Kutoka Heathrow hadi Gatwick ni zaidi ya kilometa 60 kwa barabara. Paris nayo ina Charles de Gaulle upande wa kaskazini na Orly upande wa kusini. Tiketi inayokufikisha uwanja mmoja na kukuondoa uwanja mwingine ni safari mbili, tena huenda ikahitaji ruhusa ya kuingia nchini. Kuuliza si ujinga. Aulize ubalozini na kwa wakala wa tiketi kabla ya kulipa.

WAJIBU WA NYUMBANI

Nyumba ambayo mtu wake yuko safarini ina kazi yake pia. Andikeni katika karatasi moja, muibandike ukutani, mambo haya: jina la kila uwanja, namba ya kila ndege, saa ya kuondoka na ya kufika kama zilivyoandikwa, na pembeni yake saa hizo hizo zikiwa zimegeuzwa kuwa za kwetu. Msafiri naye asiahidi kupiga simu dakika ile ndege inapotua. Aahidi kupiga saa mbili baada ya kutua. Mke asiyeijua tofauti ya saa huanza kulia saa moja kabla ya ndege kufika, na watoto wakimwona mama analia, usiku ule hakuna anayelala.

Mwisho, msichukue saa za jirani mkazifanya zenu. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Jirani alisafiri Januari, nawe unasafiri Julai. Yeye alitua Orly, nawe unatua Charles de Gaulle. Soma tiketi yako mwenyewe, ukiwa na kalamu mkononi, na ufike uwanjani mapema.

Hadi juma lijalo, ndugu wasomaji, kwaherini.